Kompyuta ya simuleta ya ndege ukiwa Mtwara au Lindi: mahali pa kuweka fedha yako

Anayetaka kurusha ndege nyumbani, aanzie kiwanja cha Mtwara na kufuata pwani hadi Kilwa Masoko, kwa kawaida huuliza kwanza anunue kadi gani ya grafiki. Swali hilo lina nafasi yake, lakini likitangulizwa humfanya mtu amalize fedha kwenye kifaa ambacho pengine hakikuwa na kosa lolote. Simuleta ya ndege, yaani programu ya kuigiza urushaji wa ndege, huilemea kompyuta kwa namna tofauti na michezo mingi: mzigo mkubwa huiangukia prosesa, na kinachoamua kama utatua vizuri ni mwendo usiokatika kuliko uzuri wa picha. Sisi tunaoishi kusini tuna pia joto, umeme na bei ya bando, mambo ambayo miongozo mingi ya ng'ambo haiyagusi kabisa. Utaratibu ninaoupendekeza ni kuelewa kwanza kazi inayofanyika ndani ya mashine, kisha kupima uliyonayo, ndipo ufikirie kununua.

Kazi iliyomo ndani ya fremu moja

Picha unayoiona hutengenezwa fremu baada ya fremu. Ukitaka fremu 30 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 33.3 za kukamilisha kila moja. Ukitaka 60, muda unashuka hadi milisekunde 16.7. Ndani ya muda huo prosesa inapaswa kukokotoa nguvu za hewa juu ya mabawa na mkia, upepo, injini, mifumo ya umeme na mafuta, vyombo vya rubani na ndege nyingine zilizo angani, kisha iandae vitu vinavyopaswa kuchorwa na kuvikabidhi kwa kadi ya grafiki. Simuleta iitwayo X-Plane, kwa mfano, hugawa bawa na panga za propela vipande vipande na kukokotoa nguvu inayokipata kila kipande, mara nyingi kwa kila sekunde. Sehemu kubwa ya kazi hii ni ya kupokezana, kwa kuwa hatua ya pili haiwezi kuanza kabla jibu la hatua ya kwanza halijapatikana. Ndiyo maana hubebwa na uzi mmoja mkuu wa prosesa, yaani mfululizo mmoja wa kazi unaofanywa na kiini kimoja, na ndiyo maana prosesa yenye viini 6 vyenye kasi huishinda yenye viini 16 vya polepole.

Pamoja na kasi, angalia kache, yaani kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Simuleta hugusa data nyingi zilizotawanyika, na kila prosesa inapokosa data kwenye kache hulazimika kuifuata kwenye RAM, kumbukumbu kuu ya kompyuta, ambako husubiri kwa muda mrefu zaidi. Mfano ulio wazi ni wa prosesa za kampuni ya AMD. Ryzen 7 5800X ina kache ya L3 ya megabaiti 32, ilhali Ryzen 7 5800X3D, iliyotoka Aprili 2022, ina megabaiti 96. Hii ya pili ina mapigo ya ndani (gigahezi) yaliyo polepole kidogo, na bado kwenye simuleta za ndege huiacha ya kwanza nyuma. Ryzen 7 7800X3D ya 2023 na 9800X3D ya Novemba 2024 zimeendeleza mpango huohuo, na kwa maoni yangu hakuna badiliko la vifaa katika miaka ya karibuni lililowasaidia wapenzi wa simuleta kuliko hili.

Wastani wa fremu nao unaweza kukudanganya. Tuseme unaikaribia njia ya kurukia kwa Cessna 172, mwendo wa noti 65, yaani mita 33 hivi kwa kila sekunde. Uko futi chache juu ya lami, umeanza kuinua pua taratibu, na picha inaganda kwa robo sekunde. Ndege imesogea zaidi ya mita 8 bila wewe kuona chochote, na mkono wako umeendelea kuvuta usukani kwa kufuata picha ambayo imeshapitwa. Kompyuta inayotoa wastani wa fremu 45 yenye migando ya namna hiyo haifai kujifunzia, na inayotoa 30 zisizoyumba inafaa. Kwenye monita ya hezi 60, yaani inayoonyesha picha mara 60 kwa sekunde, unaweza kufungia simuleta ifikie fremu 30 tu, kila fremu ionyeshwe mara mbili, na utashangaa jinsi ndege inavyotulia.

Pima kabla ya kununua

Chagua hali moja isiyobadilika: ndege ileile, kiwanja kilekile, saa sita mchana, anga safi. Iweke ndege kwenye njia ya kurukia ya Mtwara, ambayo simuleta zinaitambua kwa herufi HTMT, subiri dakika mbili ili kila kitu kipakiwe, kisha andika idadi ya fremu. Rudia Dar es Salaam, HTDA. Sasa shusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720 bila kugusa kingine chochote. Fremu zikibaki palepale, prosesa ndiyo inayochelewesha, na kadi mpya ya grafiki haitakusaidia hata iwe ya bei gani. Zikipanda kwa kishindo, kadi ndiyo iliyoelemewa. X-Plane inaweza kukuonyesha moja kwa moja muda ambao prosesa na kadi vinatumia kwa kila fremu, ukiwasha safu ya kasi ya fremu kwenye ukurasa wa kutoa data. Microsoft Flight Simulator nayo, ukiwasha hali ya waundaji programu, hutaja kwenye skrini ni upande gani unaokwamisha.

Kuna jambo la kwetu hapa ambalo ni faida. Uwanda wa Makonde, mashamba ya mikorosho, ghuba ya Lindi na bahari ni mandhari mepesi kwa kompyuta, kwa kuwa majengo ni machache na magari barabarani ni machache. Mashine inayotoa fremu 60 ukiwa juu ya Mikindani inaweza kuporomoka hadi 25 ukiwa juu ya London, kwa mipangilio ileile. Anayekusudia kuruka kusini mwa Tanzania anahitaji mashine ndogo kuliko ile inayotajwa kwenye video za ng'ambo, na si lazima aione kama upungufu. Safari ya Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita 400 hivi kwa anga, yenye Kilwa, delta ya Rufiji na Mafia njiani, na kwa Cessna inakuchukua karibu saa mbili za kusoma ramani na kulinganisha na unachokiona chini.

Ukishajua upande uliokwama, rekebisha mipangilio kabla ya kufungua pochi. Prosesa hupumua ukipunguza wingi wa vitu ardhini, ndege na magari ya kujiendesha, na umbali wa mandhari yanayochorwa kwa undani. Kadi hupumua ukipunguza ukubwa wa picha, mawingu, vivuli na ulainishaji wa kingo. Ubora wa tekscha, yaani picha zinazofunika nyuso za vitu, hutegemea kumbukumbu ya kadi. Yenye gigabaiti 4 ikijazwa kupita uwezo wake huanza kuhamisha data kwenda na kurudi kwenye RAM, na hapo ndipo migando huzaliwa hata kama prosesa na kadi zote zinaonekana zina nafasi.

Ukiamua kununua

Wengi wetu tutaanzia kwenye mashine za mtumba zilizotoka maofisini, ambazo zimejaa Kariakoo na baadhi ya maduka ya Mtwara mjini. Ni mahali pazuri pa kuanzia ukijua cha kutafuta. Usishuke chini ya Intel ya kizazi cha nane, mfano Core i5-8500 yenye viini 6, inayopatikana kwenye mashine kama Dell OptiPlex 7060 na HP EliteDesk 800 G4. Sababu ya pili ya kushikilia kizazi hicho ni kwamba ndicho cha kwanza cha Intel ambacho kwa ujumla kinakubaliwa na Windows 11, na Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Weka RAM ya gigabaiti 16 katika vipande viwili vya gigabaiti 8, kwa sababu vipande viwili hufungua njia mbili za data na kimoja hufungua moja tu, na simuleta inaihisi tofauti hiyo. Weka SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka. Diski ya kuzunguka itakugandisha kila mandhari mapya yanapopakiwa.

Mtego wa mashine hizi uko kwenye pawasaplai na ukubwa wa kasha. Nyingi zina pawasaplai ndogo ya wati 180 hadi 260, yenye umbo na plagi za kampuni husika, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Kadi inayofaa hapo ni ile inayotosheka na wati 75 za kwenye bodi mama, kama matoleo mengi ya GTX 1650. Kasha likiwa jembamba, itakubidi utafute toleo fupi lenye bati la nusu kimo. Muuzaji atakutajia pia RX 6400, ambayo ni fupi na hula umeme mdogo, lakini ina njia nne tu za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na bodi mama. Kwenye bodi zenye PCIe ya kizazi cha tatu, kama za mashine hizi, inapoteza sehemu ya uwezo wake, hasa kumbukumbu yake inapojaa. Kati ya hizo mbili mimi ningechukua GTX 1650.

Kwa mashine ya namna hii, simuleta ya FlightGear, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi, itaruka vizuri, na X-Plane 12 itaruka kwa mipangilio ya chini. X-Plane ina toleo la majaribio lisilolipiwa. Lipakue ulijaribu kabla ya kutoa hata shilingi moja. Microsoft Flight Simulator 2024 ni habari nyingine: kiwango chake cha chini ni RAM ya gigabaiti 16 na kadi ya daraja la GTX 970, na kinachopendekezwa ni gigabaiti 32 pamoja na kadi ya daraja la RTX 2080.

Anayeweza kujenga mashine yake aanze na prosesa na bodi mama, kadi ifuate baadaye. Bodi za AM4 (jina la aina ya tundu la prosesa za AMD, ambalo AM5 ndiyo iliyolifuata) zilianza kupokea prosesa za Ryzen mwaka 2017, na baadhi yake, baada ya kusasishwa, zilipokea 5800X3D mwaka 2022. Mtu alibadilisha prosesa peke yake na kupata mashine mpya kwa kazi ya simuleta. AMD imeahidi kuiendeleza AM5 hadi 2027 na zaidi, kwa hiyo prosesa ya kawaida kwenye bodi ya AM5 leo inaacha mlango wazi kwa yenye kache kubwa kesho. Kwa RAM usisubiri bei ishuke. Tangu mwishoni mwa 2025 imepanda sana kwa kuwa viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya akili mnemba, na anayepata fedha msimu wa korosho ningemshauri anunue RAM mapema kuliko vifaa vingine.

Ukiwa dukani, omba mashine iwashwe na kufanya kazi nzito kwa dakika 20 huku ukiangalia joto. Kadi ya grafiki ichunguzwe kwa programu ya GPU-Z, kwa maana ziko kadi za zamani sana zilizoandikwa upya ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya, na programu hiyo huzibaini nyingi. Mzigo ukija kwa basi kutoka Dar es Salaam, mwambie fundi aichomoe kadi na kuifunga peke yake. Kadi nzito ikining'inia kwenye bodi kwa zaidi ya kilomita 500 za barabara inaweza kuvunja tundu lake, na hasara hiyo hakuna atakayekufidia.

Joto, chumvi na umeme

Majaribio mengi ya vifaa hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 21 au 22. Chumba chako cha Shangani, Mtwara, au Lindi mjini, mwezi wa Januari, kinaweza kuwa na nyuzi 32, na nyuzi hizo 10 zinaongezeka karibu zote juu ya joto la prosesa na kadi. Prosesa ikifika kikomo chake hujipunguzia kasi yenyewe, na simuleta iliyokuwa laini kwa robo saa ya kwanza huanza kukatika. Hii ndiyo sababu ya malalamiko mengi yanayobebeshwa programu bure, na kwa kompyuta mpakato tatizo ni kubwa zaidi. Weka mashine juu ya meza, mbali na ukuta, ukiwa na feni zinazovuta hewa mbele na kuitoa nyuma. Kisha shusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 80 kwa kutumia programu yake. Fremu zitapungua kidogo tu na joto litapungua kwa kiasi unachokisikia kwenye kelele za feni.

Upepo wa bahari huleta chumvi na unyevu. Mwenye nyumba karibu na ufuko afungue kasha kila baada ya miezi michache, apulize vumbi, aangalie kama kuna kutu kwenye skrubu na bati la kadi, na asiache mashine wiki nyingi bila kuwashwa, kwa sababu joto la kazi ndilo linalofukuza unyevu.

Umeme ukikatika wakati simuleta inaandika kwenye diski, unaweza kupoteza mipangilio yote. UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, ya VA 650 hubeba wati 360 hadi 390 kwa dakika chache, zinazotosha kuzima kwa utaratibu na hazitoshi kumaliza safari. Chagua yenye kurekebisha volteji ndani yake. Kuhusu LUKU, mashine na monita zikila wati 350 kwa saa mbili kila siku, ni uniti 21 hivi kwa mwezi. Nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo la uniti 75 kwa mwezi ifanye hesabu kabla ya kuanza, kwani ukilivuka kundi hilo kila uniti inakuwa ghali zaidi.

Tunakoelekea, na bando letu

Mwelekeo wa simuleta kubwa ni kuhamisha dunia kutoka kwenye diski yako kwenda kwenye seva. Microsoft Flight Simulator ya Agosti 2020 ilihitaji nafasi ya gigabaiti 150 kwenye diski; ile ya Novemba 2024 inataja 50, kwa kuwa sehemu kubwa ya mandhari na ndege huletwa kwa intaneti wakati unaruka. Kasi ya chini inayotajwa ni megabiti 10 kwa sekunde na inayopendekezwa ni 50. Mtandao ukitumika kwa ukamilifu wake, megabiti 10 kwa sekunde ni gigabaiti 4.5 kwa saa, na 50 ni gigabaiti 22.5. Simuleta haivuti kiasi hicho kila wakati, lakini mwenye kununua kifurushi cha simu ameshaelewa ninachokisema. Toleo la 2020 linakuruhusu kuchagua eneo kwenye ramani na kulipakua mapema, hivyo unaweza kuhifadhi pwani yote ya kusini mara moja na kuruka bila intaneti. X-Plane na FlightGear hukaa kwenye diski yako, na kwa sababu hiyo naziona kuwa chaguo la uhakika zaidi kwa mazingira yetu.

Kuhusu kurushiwa mchezo mzima kutoka kwenye seva ya mbali, fizikia yenyewe inatubana. Mwanga ndani ya nyaya husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Johannesburg iko zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Mtwara, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 20 hata kama waya ungenyooka, na London ni zaidi ya 70. Ongeza muda wa kubana picha na kuifungua, na mkono wako utakuwa nyuma ya ndege wakati wa kutua.

Teknolojia ya kuzalisha fremu, iliyokuja na kadi za RTX 40 mwaka 2022 na upande wa AMD mwaka 2023, inasaidia kwa masharti. Kadi hubuni fremu ya kati kutokana na fremu mbili halisi, na ili iweze kufanya hivyo lazima ishikilie moja. Macho yanaona ulaini, lakini joistiki haipati wepesi wowote, na ukianza na fremu 20 halisi mkono utahisi uzito. Itumie ukiwa umeshafikisha 40 au zaidi. Miwani ya uhalisia pepe nayo ni nzuri kweli kwa kukadiria umbali wa njia ya kurukia, ila huchora picha mbili, na kwa hezi 90 kila fremu ina milisekunde 11.1 tu. Hilo ni jambo la baadaye kwa walio wengi.

Liko jambo moja la baadaye ambalo halihitaji kadi yoyote yenye nguvu, nalo liko mikononi mwetu. Barabara na majengo mengi ndani ya X-Plane na FlightGear hutokana na ramani huria ya OpenStreetMap, na viwanja vya ndege vya X-Plane huchorwa na watumiaji wenyewe, vikikaguliwa na kutolewa kwa watu wote kwenye masasisho. Programu ya kuchorea, WorldEditor, ni ya bure na hufanya kazi hata kwenye mashine dhaifu. Fungua Kikwetu, kiwanja cha Lindi chenye herufi HTLI, kisha Nachingwea na Masasi, uangalie jengo la abiria, maegesho na miti kama yako mahali pake. Ukikuta kiwanja kiko tupu, chora kwanza njia ya kurukia na maegesho kwa vipimo sahihi, weka majengo kutoka kwenye maktaba iliyomo ndani ya programu, kisha kiwasilishe.